Usiwagawe watoto, shoga yangu

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mbagala. Huku tu wazima, masika yameshika kasi na njia ya kwetu imekuwa dimbwi, lakini watoto wanakuja shule. Mama anaendeleaje na miguu? Mfikishie shikamoo yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwezeshaji wa semina aliwapa dodoso la kutambua kila mtoto hujifunza kwa njia gani, na sasa mkuu wa shule anataka darasa lako la sita likae mafungu matatu: wa kuona wapewe video, wa kusikia wawekewe sauti, wa kutenda wapewe vitu vya kushika. Umeniuliza uanzie wapi. Nakusihi usianze.

Kila mtoto ana anachokipenda, hilo halina ubishi. Lakini kupenda njia fulani ni jambo moja, na kuelewa zaidi kwa njia hiyo ni jambo jingine. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akina Harold Pashler na Robert Bjork, walizipitia tafiti wakitafuta ushahidi kwamba anayeitwa wa kuona hufaulu zaidi akifundishwa kwa picha, na anayeitwa wa kusikia hufaulu zaidi akifundishwa kwa sauti. Tafiti nyingi hazikupangwa kwa namna ya kuweza kulithibitisha hilo, na baadhi ya zile chache zilizopangwa vizuri zilipingana na dhana yenyewe. Wakasema ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo haupo. Na wewe fikiria tu: ramani ya Tanzania utaifundishaje kwa sauti peke yake? Matamshi ya Kiingereza je, kwa picha? Mada ndiyo inayokwambia inataka nini.

Ngoja nikusimulie kipindi changu cha saketi, ile njia ya kupitia umeme. Kishikwambi ni kilekile tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, projekta ni ya shule, tunapokezana. Chuo Kikuu cha Colorado kina programu za bure za sayansi na hesabu ziitwazo PhET. Unazipakua siku una bando, baadaye zinafanya kazi bila intaneti. Nikafungua ile ya kuunda saketi, nikaunganisha betri na balbu mbili katika njia moja. Kabla sijagusa kitu nikauliza: nikichomoa balbu moja, hii nyingine itafanyaje? Wengi wakasema itaendelea kuwaka, tena kwa nguvu zaidi kwa kuwa umeme wote umebaki wake. Nikachomoa. Zote zikazimika. Kelele iliyozuka humo darasani! Kwenye skrini wanaona vile vidoti vya chaji vilivyokuwa vinatembea ndani ya waya vimesimama papo hapo, na hilo waya halisi hauwezi kukuonyesha. Nikapanga upya, kila balbu na njia yake, nikachomoa moja. Mwenzake akabaki anawaka.

Kisha nikazima projekta, nikawapa betri za redio, waya na balbu za tochi, waunde wenyewe. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kuandika ni mtihani kwake, akaniita: "Mwalimu, ndiyo maana taa ya sebuleni ikiungua ya chumbani haizimiki!" Nikamrekodi akieleza, na kipindi kilichofuata darasa zima likamsikiliza. Hakuna aliyenyimwa kuona, kusikia wala kushika.

Wapo watoto ambao mahitaji yao ni tofauti kwelikweli, na mafungu yale yatawameza. Asiyeona vizuri anahitaji maandishi makubwa. Kwenye kishikwambi unayakuza kwa vidole viwili. Asiyesikia anahitaji maandishi chini ya video na mtu anayejua lugha ya alama. Na yupo yule aliyefika la sita bado anasoma kwa kuunganisha silabi. Huyu, shoga, ndiye anayeninyima usingizi. Dodoso litamwita "wa kusikia", kwa sababu kusikia ndiko kunakomwokoa. Ukimwekea sauti mwaka mzima atafurahi, na mwisho wa mwaka atakuwa hajui kusoma. Mpe sauti, ndiyo, lakini maandishi yawe mbele yake ayafuate kwa kidole, na utafute muda wa kumfundisha kusoma.

Mkuu wako usimbishie mbele ya walimu wengine. Mwombe aje akae nyuma ya darasa kipindi kimoja, uulize swali kwanza, uonyeshe, halafu uwape watoto vitu mikononi. Nadhani atakuelewa akiona. Ila chagua siku kavu, maana spika zetu hazifui dafu mbele ya mvua juu ya bati, na umeme ukikatika uwe na betri na balbu zako tayari mezani.

Nimekuwekea kwenye flashi programu tano za PhET. Nitampa kondakta wa basi la Tanga pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, Jumamosi asubuhi. Vipo pia vipindi vya Ubongo Kids vya hesabu, vinavyotengenezwa hapahapa Dar kwa Kiswahili. Hivyo vitafute mwenyewe mtandaoni. Ule waya mfupi wa kuunganishia flashi na kishikwambi unao? Kama huna, nijulishe kabla ya Ijumaa nipite Kariakoo.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako,
wa Mbagala