Kwa wazazi wa Langoni mnaotafuta chekechea

Wanangu, assalaamu alaykum.

Tangu Ramadhani iishe mmekuwa mkinijia barazani mmoja mmoja, na swali ni lile lile: mtoto ametimiza miaka mitatu, kuna shule ya mtindo wa Montessori, ule wa mtoto kujichagulia kazi na kujifunza kwa kushika vifaa, ada yake inauma, je, tumpeleke? Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kisha jibu langu lifike mtaa wa Mkomani limeshageuzwa. Naandika mara moja, msome nyote.

Kwanza hilo jina. Halina mwenyewe. Mtu yeyote aweza kuliandika ukutani kesho asubuhi, akachora na kipepeo juu yake. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma. Wazazi walishinda vibaruani, watoto wakabaki peke yao kuchafua ngazi na kuta, ndipo mama yule akaitwa awashughulikie. Kwa hiyo anayewaambia kuwa hii ni elimu ya watoto wa wakubwa, mwambieni ilianza kwa watoto wa vibarua.

Kibao cha mlangoni basi msikitegemee. Nendeni siku ya kawaida, si ile siku ya wazazi yenye maputo na sambusa. Ombeni kukaa pembeni saa nzima, mfunge midomo, mtazame mikono. Vifaa viko kwenye rafu fupi anayoifikia mtoto, au vimefungiwa kabatini ving'ae kwa ajili ya wageni? Nimeingia shule moja, sitaitaja, nikaukuta ule mnara wao wa kupanga, wa rangi ya waridi, wenye vipande kumi, kuanzia cha sentimita 1 mpaka cha sentimita 10, ungali ndani ya nailoni yake. Watoto wako mkekani wanaimba "a, e, i, o, u", vile vile nilivyowaimbisha mimi kwa kipande cha chaki. Tofauti ni ada tu.

Kuna kifaa kimoja nakipenda. Ni vipande vya mbao vya mviringo, vina vishikio, kila kimoja na tundu lake. Mtoto akikosea mwanzoni, mwishoni hubaki kipande kisicho na pa kuingia. Hakuna aliyemgombeza, mbao zenyewe zimemwambia. Hapo sasa mgeukieni mwalimu. Amemrukia kumwonyesha, au ametulia? Mwalimu anayeijua kazi hii utadhani hafanyi kitu: yuko chini na mtoto mmoja, sauti ya chini, mara amenyanyuka kaenda kwa mwingine. Muulizeni alisomea wapi, na kwa muda gani. Asione vibaya, hata nahodha huulizwa.

Mmoja wenu aliniambia, "Lakini bibi, hawaandiki!" Huandika, ila kwa kidole kwanza. Herufi imekatwa kwa karatasi ya msasa, mtoto aipitia kwa vidole viwili huku akitamka sauti yake, na penseli huja baadaye. Mbona hamshangai Matondoni, kijiji cha waunda majahazi? Kijana huko hafundishwi jahazi ubaoni. Husokota pamba ya kalafati, ya kuzibia mianya ya mbao, kando ya baba yake siku nyingi kabla ya kukabidhiwa tezo la kuchongea.

Na mimi nilikosea, nitalisema. Nilikuwa na mwanafunzi aliyejaza pambizo za daftari nakshi za milango badala ya herufi. Nikazichana kurasa zake mbele ya wenzake, nikamwita mzito. Leo ni fundi wa milango. Tukikutana kichochoroni huniamkia kwa adabu, nami huitika nikitazama chini.

Sasa nisikieni vizuri: mtoto kuchagua kazi yake si kuachiwa aruke kama mwana wa mbuzi. Kwa kawaida kila kifaa ni kimoja darasani. Mwenzako akikishika, wewe ungoje, na ukimaliza urudishe pale pale kwenye rafu. Kwa wetu wengine hawa, waliozoea kulia kidogo wakapewa, hilo litakuwa zito kuliko hesabu.

Jambo jingine, la mfuko. Darasa lao huchanganya umri, miaka mitatu hadi sita pamoja, na mtoto hukaa humo miaka mitatu. Ule wa tatu ndio mtamu, maana hapo yeye ndiye mkubwa, anamfundisha mdogo kufunga vifungo. Mwenye ada ya mwaka mmoja tu afikiri mara mbili kabla ya kuuza pete. Na muulize shule inawafikishaje kwenye PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya awali ya mtaala huu wa Kenya ulioanza kwa majaribio 2017, asije mtoto akagonga mlango wa darasa la kwanza akaambiwa hajulikani. Chuo cha Kurani aendelee nacho, hivyo viwili havigombani.

Wasio na hiyo ada msininunie. Juma lililopita mjukuu wangu wa miaka minne alichukua birika dogo la maji na vikombe sita vya kahawa. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa mikate, la sivyo ningemnyang'anya. Akamimina, kikombe cha kwanza kikafurika mpaka mkekani. Akanitazama. Nikanyamaza, na Mungu anajua nilivyojikaza. Akaenda mwenyewe kuchukua kitambaa, akafuta, akayarudisha maji birikani, akaanza tena. Mara ya tano ulimi ulikuwa nje, jicho liko kwenye mdomo wa birika, na mkono wa pili ameshika kifuniko, jambo ambalo hakuna aliyemwonyesha. Nimehesabu mara tisa. Kisha akainuka akaenda kucheza, hata sifa hakungoja.

Birika hilo mnalo. Sufuria za kupangana mnazo, vifuu vya nazi vikubwa kwa vidogo mnavyo, mchele wa kuchambua upo. Kinachokosekana majumbani mwenu ni dakika ishirini za mtu mzima asiyekuwa na haraka, na yaya aliyeambiwa aache kumlisha mtoto mwenye meno.

Yule aliyeniomba twende naye kuitazama ile shule, niko tayari Jumatatu, tutoke mapema kabla ya jua. Nyinyi wengine njooni Jumamosi baada ya alasiri, na watoto. Vikombe nitaviweka mimi, kila mmoja aje na kitambaa chake cha kufutia.

Bibi yenu,
Langoni, Lamu