Jumamosi tunaenda Djenné

Wadau mambo vipi, Jumamosi hii saa mbili usiku topiki yetu humu kwenye grupu ni Mali, ule msikiti wa mji wa Djenné wa udongo mtupu. Jengo la sasa ni la 1907 na kila mwaka mji mzima unatoka kuukandika upya, vijana wanapanda juu na vikapu vya tope, wanawake wanabeba maji, mafundi wazee wanasimamia, yani ni sherehe kabisa. Zile fito za mtende zinazochomoza ukutani ndo wanazokanyagia wakipanda, mi siku zote nilidhani pambo tu 😅. UNESCO waliuweka mji kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 1988. Mwenye picha ya nyumba ya udongo ya kwao atume, ila voisi za dakika kumi jamani hapana, juzi simu yangu iliganda.