Kwa wazazi wa Tabata, kabla hamjamtafuta mchawi wa unene wa watoto

Wanangu,

Shikamoo zenu za kwenye kikao cha wazazi shuleni, kile cha unene wa watoto, nilizipokea, marahaba. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kwa niaba ya mjukuu wangu, sikunyoosha mkono. Mlikuwa mmeshapandishiana sauti, na mzee akiingia katikati ya ugomvi wa namna ile huondoka naye ana kesi. Nimeona afadhali niandike.

Kila mmoja alikuja na mchawi wake. Huyu kasema ni damu ya wakwe, huyu kasema ni dada wa kazi anayemwachia mtoto sufuria, mwingine kuku wa kisasa, na mmoja akamaliza kwa kusema watoto wa siku hizi ni walafi tu. Hilo la mwisho liliniuma, nitalirudia.

Baba aliyetaja damu alichekwa, lakini hakukosea kabisa. Mwaka 1986 watafiti walichapisha uchunguzi wa watu wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili. Miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa kuliko ya waliowalea. Kwa hiyo watoto wawili wanaweza kulishwa chungu kimoja, mmoja akaongezeka na mwenzake akabaki vilevile, na hakuna aliyekula cha mwenzake. Lakini damu peke yake haitufikishi mbali. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri walikadiriwa kuwa milioni 11 duniani kote mwaka 1975. Kufika 2016 walikuwa milioni 124. Damu ya binadamu haigeuki ndani ya miaka arobaini. Kilichogeuka ni siku ya mtoto, tangu anapoamshwa mpaka anapolala. (Na ukoo una pande mbili, baba. Kitambi chako nimekiona.)

Kuku wa kisasa mmemwonea. Anakua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi kwa vizazi na kwa chakula anachopewa, si kwa kuchomwa homoni. Mimi nina ugomvi naye wa dawa za antibiotiki, ila huo tuuache. Kama mapaja yake yamezamishwa kwenye mafuta ya tangu juzi na kuwekewa chipsi pembeni, ulizeni karai.

Kuna kitu hakikutajwa kabisa, nami najua mnacho makabatini. Ni ile chupa ya dawa ya hamu ya kula. Nyingi kati ya hizo zina saiproheptadini, ambayo asili yake ni dawa ya mzio, na njaa ni athari yake ya pembeni. Mtoto ana miaka minne, anakimbia, mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda vizuri, lakini kwa kuwa anabakiza nusu sahani mnamnunulia chupa duka la dawa bila hata kumuuliza daktari. Hapo mnamfundisha asiusikilize mwili wake ukishiba. Kumkazania amalize sahani ndiyo apate soda ni somo lilelile, tofauti ni kwamba halina chupa.

Hofu hiyo naijua inakotoka. Mmelelewa na watu walioogopa wembamba, na walikuwa na sababu. Wodi za watoto zilijaa surua na kwashakoo. Kisha wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakagunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata mama mwenye mtoto mwembamba alitazamwa kwa jicho la pembeni mtaani. Shavu lililojaa lilikuwa jibu kwa majirani. Na njaa haijaondoka: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni asilimia 4 tu. Ndiyo maana wauguzi wengi bado wamezoea kumtafuta mtoto aliyepungua. Halafu akishatimiza miaka mitano kadi inawekwa kabatini, na kuanzia hapo hakuna anayempima tena mpaka augue. Nyinyi mnaogombana sasa mna watoto wa miaka saba, minane, kumi. Miaka yote hiyo hakuna mstari uliochorwa.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, kwa sababu nadhani hapa ndipo penye jibu letu sisi wa Tabata.

Mtoto wa darasa la pili anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu basi la shule linaanzia kwenu, kisha linazunguka Segerea na Kinyerezi kuwachukua wenzake. Anasinzia kwenye kiti. Chai ya nyumbani hakunywa, nani ana njaa saa kumi na nusu? Kwa hiyo saa nne mapumziko anayakabili na noti uliyompa: maandazi mawili, krips, juisi ya boksi. Anarudi saa kumi na moja jioni, anakwenda tuisheni, anafanya kazi za shule, anakaa mbele ya katuni huku dada akipika, anakula chakula kizito saa mbili na nusu, analala saa nne. Hesabuni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku, huyu anapata sita na nusu. Asiyelala vya kutosha njaa yake huwa kali zaidi siku ya pili, na inamvuta kwenye vitamu na vya mafuta. Hapo mtoto anaitwa mlafi.

Na amecheza saa ngapi? Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 60 kila siku za shughuli za kumtoa jasho mtoto wa umri huo. Mama zake walizipata bila kujua kwenye rede, kombolela na kuruka kamba mpaka waitwe mara tatu kuoga. Uwanja waliochezea leo ni fremu za maduka. Shule nazo zimepanda ghorofa kwenye kiwanja kidogo, uwanja umebaki wa kugeuzia mabasi. Sitawaambia mwaachie watoto barabarani na bodaboda zile. Woga wenu ni wa haki. Lakini msiseme mtoto ni mvivu wakati mmemfungia nyuma ya geti la chuma pamoja na simu.

Kuhusu vinywaji nitakuwa mkali. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, vijiko saba au vinane vya chai. Ushauri wa shirika hilohilo tangu 2015 ni kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye juisi na asali, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni vizuri zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1600 kwa siku, kikomo ni gramu 40. Chupa moja imeshamaliza robo tatu, kabla ya chai, kabla ya uji. Na kinywaji hakishibishi, atakula chakula chake chote vilevile. Msijifiche kwenye juisi ya boksi kwa sababu ina picha ya embe. Hata ile mnayosaga wenyewe, ukwaju na kikombe kizima cha sukari, ni soda ya nyumbani. Embe lenyewe mpeni alitafune mpaka limchafue shati.

Uji wa lishe nao umenichosha. Uji wenye karanga, soya na mafuta ni wa kumtoa mchanga kwenye maziwa tupu anapofika miezi sita. Mtoto wa miaka minane aliyekula chapati na mayai hahitaji kikombe kikubwa cha uji huo na siagi juu yake.

Baba mmoja alisema mchelea mwana kulia hulia yeye, akiwa na maana kwamba yeye mwanawe kampunguzia chakula na anamwita bonge mbele ya wageni ili aone aibu. Mwanangu, methali hiyo umeipeleka siko. Aibu haipunguzi kilo. Mtoto anayeaibishwa hula kwa siri, usiku, au kwenye begi. Isitoshe, anayekua kwenda juu mara nyingi hahitaji kupungua. Uzito wake ukisimama hapo ulipo na urefu ukaendelea, mwili hujirekebisha wenyewe. Usimpikie mmoja mboga za majani huku wadogo zake wanakula chipsi mayai. Nyumba nzima ile mchicha na dagaa, wewe ukiwa wa kwanza, na soda iwe ya sikukuu kwa wote.

Wapo wachache ambao kweli wana ugonjwa. Alama moja rahisi ni urefu: mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida ni mrefu kwa umri wake. Anayenenepa huku harefuki, mpelekeni hospitali, huenda ni tezi au homoni. Vivyo hivyo aliyeanza kunenepa baada ya kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu au baadhi ya dawa za kifafa, lakini msizikatishe wenyewe, mwambieni daktari. Na tafadhali acheni kusugua shingo za watoto kwa dodoki. Ule weusi mzito kama mahameli nyuma ya shingo na kwapani si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unaanza kushindwa na sukari, na huyo anatakiwa apimwe mapema. Anayekoroma sana usiku na kusinzia darasani, naye pia.

Ninaomba kikao kijacho tusikutane kutafuta mchawi. Tumuulize mwalimu mkuu nani aliruhusu soda ziuzwe getini, na kama maji safi ya kunywa na mihogo ya kuchemsha vinaweza kuchukua nafasi ile. Tuongee na msimamizi wa mabasi aongeze basi moja au abadilishe mzunguko, hata kama nauli itapanda kidogo. Usingizi wa nusu saa una thamani hiyo. Na tuisheni ya darasa la pili ifutwe. Hilo naliomba bila kulizunguka.

Mimi nitaleta mizani na futi ya ukutani. Tutawapima kwenye chumba cha walimu, mmojammoja, mlango umefungwa, na namba ataambiwa mzazi peke yake. Atakayesoma uzito wa mtoto kwa sauti nitamtoa nje.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu wa kliniki ya watoto