Chupa ya siku nane: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: MOFINI YA MAJI KWA WAGONJWA WA SARATANI WANAORUDI WILAYANI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni daktari wa wodi ya saratani. Kumpokea mgonjwa nimeshazoea. Kumruhusu arudi nyumbani ndiko kunakoninyima usingizi.

Kitanda cha 11 kina mama kutoka Rukwa, mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa. Alipofika hakuweza kukaa. Alilala ubavu mmoja, ameuma ncha ya kanga yake, na ukimuuliza anaumwa wapi anafumba macho. Tulimwanzishia mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Usiku wa tatu alilala hadi alfajiri, na kwenye raundi nikamkuta anamsuka jirani yake, mmoja wa wachache ambao kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, haijawanyoa. Hatujamponya wala hatutamponya, naye anajua. Lakini siku hiyo alikula ugali na kugombana na mwanawe kuhusu ada ya wajukuu.

Dawa yenyewe haina makuu. Ni poda inayochanganywa na maji, mgonjwa anaipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuinywa. Mama huyu anakunywa miligramu 10 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni, kisha 20 wakati wa kulala ili maumivu yasimwamshe usiku wa manane. Jumla 60 kwa siku. Kwa mchanganyiko wa miligramu 1 kwa kila mililita, chupa ya mililita 500 inamfikisha siku ya nane. Ongeza dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo, ndiyo tiba nzima.

Siku ya tisa atakuwa kijijini, na chupa nyingine itakuwa kwetu, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi.

Mgonjwa mwingine kabla yake nilijaribu kumkabidhi kwa hospitali ya wilaya yao. Nilipiga simu. Daktari mwenzangu akanijibu kwa upole kwamba dawa hiyo hawana, na hata wangekuwa nayo, mwenye kuiandika yuko semina. Wakampa panadoli. Binti yake alinipigia usiku, simu ikiwa imewekwa karibu na kitanda ili nisikie mwenyewe. Sikuwa na la kumwambia.

Najua hofu iliyopo. Ni dawa ya kulevya, inakaa kwenye kabati lenye kufuli mbili, kila tone linaandikwa daftarini, na ni sawa liandikwe. Ila wengine kwenye kada yetu bado wanaamini kwamba mgonjwa akianza mofini basi atakuwa teja, au ndiyo ameagwa. Anayeinywa kwa kipimo, kwa maumivu ya saratani, si teja. Nimeona waliokunywa miezi mingi wakipunguziwa baada ya mionzi kutuliza uvimbe.

Majirani zetu Uganda hawakusubiri madaktari watoshe. Mwaka 2004 walibadili kanuni zao, wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, wakaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Muuguzi ndiye anayefika kijijini. Daktari mara nyingi hafiki.

Tulianza kuwachanja wasichana dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, nchi nzima mwaka 2018, na ninashukuru, maana wale mabinti huenda nisiwaone kamwe wodini. Lakini wanawake nilionao leo walikuwa watu wazima chanjo ilipokuja.

Ombi langu ni moja, lina miguu miwili. Poda ya mofini ifike kila hospitali ya wilaya na ichanganywe pale pale na mfamasia wao. Na muuguzi aliyefundishwa tiba shufaa aruhusiwe kuiandika, kwa daftari na kufuli zile zile.

Mama wa kitanda cha 11 anaruhusiwa Alhamisi. Nimembembeleza mfamasia wetu, amekubali chupa mbili. Mwanawe ameniuliza ya tatu waifuate wapi, nami nimemwambia nitampigia.

Wako mtiifu,
Daktari, wodi ya saratani