Wito wa Harambee: Madarasa na Nyumba Zitakazostahimili Tetemeko

Ndugu, marafiki na wahisani wetu wapendwa,

Tunabisha hodi tena tukiwa na haya, kwa sababu mahema, mablanketi na chakula mlichotoa baada ya tetemeko ndivyo vilivyowafikisha watu wetu hapa walipo. Hata hivyo, hema linalotumika kama darasa sasa limechanika. Mvua inaponyesha masomo husimama, na watoto hujikusanya katikati wakiwa wamekumbatia madaftari yao yasilowe. Linalotutisha zaidi ni kwamba familia zilizochoka kungoja zimeanza kuokota mawe ya kifusi na kuinua kuta zile zile, kwa tope lile lile, bila nondo hata moja.

Mara nyingi watu hawauawi na mtikisiko wenyewe, bali na kuta na mapaa yanayowaangukia. Tetemeko la Nepal la tarehe 25 Aprili 2015 lilibomoa maelfu ya madarasa, lakini ilikuwa Jumamosi, siku ya mapumziko nchini humo, na madarasa yalikuwa matupu. Nchini Pakistan, tarehe 8 Oktoba 2005, nayo ilikuwa Jumamosi, ila watoto walikuwa wameshaingia darasani asubuhi hiyo, na maelfu yao walifia humo. Hata Kagera, Septemba 2016, ukubwa wa 5.9 ulitosha kuua watu na kuharibu nyumba na shule nyingi. Hatuwezi kuyaacha maisha ya watoto yategemee siku ya juma.

Ujenzi tunaouchangia hauhitaji maajabu. Unahitaji msingi uliofika kwenye udongo mgumu, nondo za wima kwenye kona na kando ya milango, madirisha yaliyo mbali na kona, na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka jengo lote, ili kuta zitikisike pamoja badala ya kila mmoja kuanguka upande wake. Juu yake linakaa paa jepesi lililofungwa barabara. Katika bonde la Kathmandu, shule zilizokuwa zimeimarishwa kabla ya 2015 zilibaki zimesimama. Mafundi wetu ni hodari. Wamekosa tu mafunzo haya na fedha za saruji na nondo. Kwa hiyo tutaanza na madarasa, yajengwe na mafundi hao hao chini ya mhandisi, kisha ujuzi huo waupeleke kwenye nyumba za majirani.

Kila mchango utapewa risiti, vifaa vitanunuliwa mbele ya wawakilishi wa wazazi, na hesabu itabandikwa kila mwezi kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Wapo walioahidi katika harambee iliyopita na ahadi zao bado hazijatufikia. Hatutaji majina, na tunaamini walitingwa tu. Asiye na fedha alete mifuko ya saruji au nguvu zake za siku moja. Mwenyezi Mungu aliwaponya watoto hawa. Kazi ya kuta ametuachia sisi. Tunawaomba mfikishe ahadi na michango yenu kwa mweka hazina wa kamati mapema, ili misingi imwagwe kabla ya msimu wa mvua kubwa.