Hita imekufa tena

Njombe, Julai

Kwako Fundi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi inatutafuna. Jana alfajiri nyasi za nyuma ya nyumba zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Najua ukiona neno hita, tena ya gari, utacheka. Huko Dar alama nyekundu kwenye ile swichi mnaiona kama pambo.

Unakumbuka mwaka juzi nilikupigia feni ilipoanza kuchagua? Namba 1, 2 na 3 kimya, namba 4 inavuma kama mashine ya kukoboa. Ukanijibu hata gari hujaliona: rizista, kile kidude cha kupunguza kasi ya feni. Namba za chini umeme unapita kwenye koili zake, namba 4 unaenda moja kwa moja kwenye mota. Nikafungua chini ya droo ya abiria, skrubu mbili tu, nikaweka mpya, mambo yakawa safi. Juni ya mwaka jana ikafa. Nikaweka nyingine. Ya mwaka huu haikumaliza wiki tatu. Nikamlalamikia shemeji yako kwamba spea za siku hizi feki tupu. Akaniuliza, "Na ile ya kwanza, iliyokuja na gari kutoka Japani, nayo ilikuwa feki?" Sikumjibu, nikatoka nje kuchukua bisibisi.

Safari hii nikatazama plagi badala ya rizista. Ina pini tano, na pini moja plastiki yake imegeuka rangi ya kahawa, imeyeyuka ikashika chuma. Waya wake umeiva, ukiukunja ganda linakatika kama tambi mbichi. Kumbe kila mara nilikuwa nachomeka rizista mpya kwenye plagi iliyolegea, inayochemka yenyewe.

Nikashusha na mota. Niliizungusha kwa kidole, ikasimama palepale, na inakwaruza. Kijana wa duka la sola ana ile mita ya kung'ata waya inayopima umeme wa betri. Kwenye namba 4 tukasoma ampea 23. Fyuzi ni ya 30, ndiyo maana haikukatika hata siku moja. Bushi zinazoshika mhimili wa mota zimekauka, mota inavuta umeme mwingi, na moto wote unaishia kwenye rizista na ile pini.

Halafu filta ya AC. Fundi, nimeona aibu hata kukuandikia. Vumbi jekundu limegandamana na vijani vya miwati, ukiinua juani mwanga haupenyi. Rizista imekaa kwenye njia ya upepo makusudi ili upepo uipoze, na mimi nimeiziba pumzi miaka yote hiyo.

Kwa sasa natembelea namba 4. Miguu inapata joto, maana maji ya injini yanazunguka vizuri, ila kwa kelele ile redio haisikiki. Nikiizima ili nipumzike, kioo kinaingia ukungu kabla sijafika njiapanda, naendesha mkono mmoja kwenye usukani na mwingine na kitambaa. Fundi mmoja hapa mjini alitaka kuniwekea fyuzi ya 40 "ili isisumbue". Haisumbui fyuzi, nikamwambia, inasumbua mota. Akaniona mjuaji.

Sasa nakuomba unipitie Ilala. Nataka mota ya feni, hata iliyotumika, ila izungushe kwa kidole kwanza: ikiendelea kuzunguka kidogo baada ya kuiachia, chukua. Nataka na plagi ya rizista ikiwa na waya wake, wasiikatie shingoni, waache hata shibiri moja nipate pa kuungia. Rizista ninayo, na filta nimeshabadilisha. Namba ya chesisi nitakutumia kwenye simu. Funga kwenye boksi, uwape watu wa basi la usiku, pesa nakurushia ukinitajia bei.

Shemeji yako anakusalimia. Anauliza mnakuja lini, na mje na masweta.

Mimi swahiba wako.