Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza utafiti wa mawimbi ya mvutano

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Hivi karibuni nilimsikiliza mtafiti chipukizi akieleza kwa ufasaha programu aliyoifunza kutambua migongano ya mashimo meusi kwa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati itokayo huko, lakini alipoulizwa kigunduzi kilikuwa katika hali gani saa ile, alijibu kwamba hilo halimhusu. Lisipomhusu yeye, linamhusu nani? Lawama yangu kubwa iko kwa waliomlea, kwa kuwa walimkabidhi data bila kumwonyesha zinakotoka.

Mnatafuta badiliko la urefu lililo dogo kuliko sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha protoni, katika mikono ya vigunduzi vya LIGO, mirija miwili ya kilomita 4 ambamo mwanga wa leza husafiri. Kwa kipimo hicho kila kitu ni kelele: bahari inayotikisa ardhi, mwanga wa leza uliotawanyika na kurejea pasipotakiwa, hata kunguru wa Hanford, penye kigunduzi kimoja cha LIGO nchini Marekani, waliodonoa barafu juu ya bomba na midonoo yao ikaonekana katika data.

Tarehe 17 Agosti 2017, ishara ya nyota mbili za nyutroni, mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, ilipofika, data za Livingston, kigunduzi cha pili cha LIGO, zilivurugwa na mlipuko wa kelele takriban sekunde moja kabla ya nyota hizo kuungana, na mfumo wa kiotomatiki ukazikataa. Waliotazama data hizo kwa macho yao, wakaitambua njia ya ishara ikipita chini ya kelele na kuiondoa kelele hiyo, ndio waliowezesha eneo la angani kupunguzwa kwa msaada wa Virgo, kigunduzi cha Italia, na darubini zikauona mwanga wa tukio hilo katika galaksi ya NGC 4993 siku hiyohiyo. Wangesema kelele haiwahusu, usiku ule ungepita bure. Kwa hiyo nawasihi, na hapa sitachoka kurudia: ijueni kelele kwanza, muijue kwa chanzo chake na umbo lake, ndipo muiguse ishara.

Mengine nayataja tu. Jifunzeni takwimu kwa kina. Andikeni kumbukumbu ambazo mwenzenu anaweza kuzifuata. Ombeni kukosolewa kabla ya kutangaza. Pumzikeni.

Nanyi wakuu wa taasisi, mnahesabu makala na kuwasahau wanaofuatilia mtetemo mmoja kwa miezi hadi wakaupata. Kazi hiyo ndiyo inayofanya kila ugunduzi uaminike, lakini mikataba yao ndiyo ya kwanza kukatizwa, nao huondoka na ujuzi ambao haukuandikwa popote. Wapeni nafasi za kudumu, na mhesabu kazi yao wanapoomba vyeo.

Wanangu, ombeni zamu katika chumba cha udhibiti. Asiyeweza kusafiri achukue data zilizofunguliwa kwa umma, achague saa moja isiyo na ishara yoyote, na aeleze kila alichokiona humo. Msimamizi akikuambia huko ni kupoteza muda, mwonyeshe barua hii.